Laptopu imekuwa nzito ghafla: mtafute anayekula prosesa kabla ya kupiga Windows

"Fundi, ipigie tu Windows." Hiyo ndiyo salamu ninayopokea kwa wateja wengi, kabla hata laptopu haijatoka kwenye begi. Jana ilikuwa nzima, leo kufungua Word ni mpaka chai ipoe, feni inavuma kama mashine ya kusaga, na mwenyewe ameshajiandikia dawa. Sikatai kwamba kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, mara nyingine kunatibu. Lakini nimeshapokea laptopu iliyopigwa Windows mara mbili ndani ya mwezi mmoja na mafundi wawili tofauti, ikarudi vile vile, na picha za mtoto wa mwenye mashine zikapotea njiani.

Neno la kushika hapa ni ghafla. Laptopu inayozeeka huwa nzito pole pole, mwezi hata mwezi, na hiyo ina hadithi yake. Iliyobadilika kati ya jana na leo ina jambo lililotokea kati ya jana na leo: kitu kimeingia, kitu kimeharibika, au kuna kazi inayoendelea nyuma ya pazia bila wewe kuambiwa. Ukijua pa kutazama, mara nyingi unamwona mhusika kwa macho yako ndani ya robo saa.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11, maana ndizo zinazojaa mezani kwangu. Huhitaji kununua kitu, na hatua za mwanzo hazigusi mafaili yako hata kidogo.

Hatua ya 1: Iwashe upya, kweli kweli

"Mbona nimeizima mara tatu?" Najua. Tatizo ni kwamba Shut down siku hizi si kuzima kamili. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup: ukibofya Shut down, programu zako zinafungwa, lakini kiini cha Windows chenyewe kinahifadhiwa kwenye diski ili kesho mashine iwake haraka. Maana yake, draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyochanganyikiwa leo inaamka kesho ikiwa imechanganyikiwa vile vile. Kufunika kifuniko ndiyo kabisa, huko ni kusinzia tu.

Kinachoanza upya kwa kweli ni Restart. Ajabu yake ni hiyo, lakini ndivyo ilivyo. Ukipenda kuzima kabisa, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Shut down.

Ushahidi upo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, dirisha linaloonyesha kila kinachoendelea ndani ya mashine. Ingia sehemu ya Performance, bofya CPU (ndiyo prosesa, ubongo wa mashine), kisha tafuta chini pameandikwa Up time. Namba ya kwanza kushoto ni siku. Nimewahi kukuta 41, na mwenye laptopu anaapa kwamba anaizima kila jioni. Alikuwa anasema kweli kwa namna yake.

Baada ya Restart, iache dakika kumi bila kuigusa. Kila laptopu ikiamka ina shughuli zake za asubuhi, kwa hiyo usiihukumu kabla haijanawa uso.

Hatua ya 2: Soma Task Manager kama daktari anavyosoma cheti

Rudi kwenye Task Manager, sehemu ya Processes. Kwenye Windows 10, ikifunguka ndogo isiyo na maelezo, bofya More details pale chini. Juu utaona safu: CPU, Memory, Disk, Network. Bofya neno CPU ili wanaokula zaidi wapande juu. Kisha kaa, tazama kwa dakika mbili au tatu bila kufanya lolote. Programu inayoruka hadi asilimia 60 ikashuka baada ya sekunde tano haina kesi. Tunamtafuta anayekaa juu na hashuki.

Kabla hujaenda mbali, hakikisha kweli ni prosesa. Watu wengi wanasema "CPU" kumbe safu inayowaka ni ya Disk, ipo 100% huku CPU ikiwa kumi na kitu. Huo ni ugonjwa mwingine, na kwenye laptopu za mtumba zenye diski ya zamani inayozunguka ndiyo hali ya kila siku. Dawa yake ni kuweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, basi. Na kama Memory imegota 90% na zaidi, tatizo ni RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine: laptopu ya GB 4 iliyofunguliwa kurasa ishirini za intaneti haina pa kupumulia, kwa hiyo inahamishia mizigo kwenye diski na kila kitu kinakuwa kizito.

Onyo moja. Ukiingia sehemu ya Details utakuta kitu kinaitwa System Idle Process kimeshika 90 au 95. Vijana wengi wanakikimbilia wakifunge, wakidhani wamemkamata mwizi. Hiyo ni nafasi ya prosesa iliyokaa bure. Ikiwa kubwa, shukuru.

Hatua ya 3: Asilimia mia ya nini?

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, maana ndipo mafundi wengi tunapopita bila kutazama.

Ndani ya Performance, kwenye CPU, kuna namba mbili za kulinganisha. Base speed ni kasi ambayo prosesa yako imetengenezwa kufanyia kazi, kwa mfano 2.40 GHz kwenye i5-6300U, prosesa iliyojaa kwenye laptopu za ofisini zilizoletwa mtumba. Speed ni kasi inayokwenda sasa hivi. Mashine ikiwa imetulia, Speed kushuka chini ya Base speed ni kawaida, inajipumzisha. Lakini ukifungua programu nzito, lazima ipande, na mara nyingi inapita hata ile ya msingi.

Sasa ukiipa kazi na Speed ikabaki 0.39 GHz, au 0.78, haipandi hata iweje, basi hakuna mtu anayekula prosesa yako. Prosesa yenyewe imefungwa kamba. Asilimia mia ya 0.39 ni kama moja ya sita ya nguvu uliyoinunua. Na usishangae ukikuta asilimia ni ndogo, labda 16, huku mashine inatambaa: baadhi ya matoleo ya Windows huhesabu asilimia kwa kulinganisha na Base speed, kwa hiyo prosesa iliyofungwa kamba inaonekana kana kwamba haina kazi. Ndiyo maana nasema usitazame asilimia peke yake.

Anayefunga kamba ni mmoja kati ya wawili: chaja au joto.

Nianze na chaja, kwa sababu watu hawaiwazii kabisa. Alikuja mwalimu mmoja, mtu mzima, ameshika laptopu yake kwenye mfuko wa kitenge. Matokeo ya mitihani yalikuwa kwenye Excel na kila akiandika alama moja anasubiri.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii imeshapigwa Windows mara mbili. Kama na wewe ni kupiga Windows, niambie mapema niondoke."

Nikafungua Task Manager. 0.39. Nikachomoa chaja, nikaacha betri peke yake. Haikupita nusu dakika, namba ikaruka hadi 2.7 na Excel ikafunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Nikachomeka tena, ikarudi 0.39.

"Mwalimu, chaja hii ndiyo iliyokuja na mashine?"

"Ile iling'atwa na panya. Hii nilinunua mwaka huu."

Kinachotokea ni hiki. Laptopu nyingi, hasa za Dell, na nyingi za HP zenye kichwa cha chaja cha mviringo, zina kisindano chembamba katikati ya kile kichwa. Umeme unapita pembeni, lakini kisindano kile ni cha mawasiliano: chaja inaiambia laptopu mimi ni ya wati kadhaa. Kisindano kikipinda, waya wake ukikatika ndani, au chaja ikiwa ya kuigiza isiyo na kile kifaa cha kujitambulisha, laptopu inakosa jibu. Basi inajihami: inashusha kasi ya prosesa ili isivute umeme usiokuwepo, na mara nyingi inaacha pia kuchaji betri. Dell hata hutoa ujumbe wakati wa kuwaka, ukisema haikuitambua chaja. Watu wanaubofya upite kama tangazo.

Jipime hivi. Chomoa chaja, tumia betri, tazama Speed. Ikipanda, mhusika umemshika mkono. Kama betri imekufa na mashine inazimika ukichomoa, azima chaja halisi ya aina hiyo kwa jirani. Kwenye Dell unaweza pia kubonyeza F2 wakati inawaka ukaingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows), utaona imeandika chaja ni ya wati ngapi, au haijulikani.

Na soma lebo ya chaja. Zidisha volti kwa ampea upate wati: 19.5 mara 3.34 ni kama wati 65, wakati 19.5 mara 2.31 ni 45. Laptopu iliyokuja na chaja ya 65 usiipe ya 45 ukategemea ikimbie. Wanaotumia chaja ya simu ya USB-C kwenye laptopu wajue simu huridhika na wati 18 au 20. Laptopu itachaji kidogo kidogo na kujibana. Lebo nayo si msahafu, chaja za kuigiza huandikwa chochote, ila angalau unajua pa kuanzia.

Jambo jingine: mtandaoni utakuta programu zinazolazimisha prosesa iachie kasi hata kama chaja haijatambuliwa au joto limezidi. Zipo na zinafanya kazi. Mimi siziweki kwenye mashine ya mteja. Ile kamba imefungwa kwa sababu, badili chaja.

Joto

Hili ni la pili kwa kufunga kamba, na linajitangaza lenyewe: mashine iko sawa dakika kumi za mwanzo, kisha inakuwa nzito, feni inalia, sehemu ya juu ya kibodi huwezi kuweka kiganja. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa ukomo wa nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia hapo zinajipunguza kasi zenyewe zisiungue. Task Manager haikuonyeshi joto la prosesa, ila programu ya bure kama HWiNFO au Core Temp itakuonyesha. Ukifika 95 hadi 100 kwa kufungua ukurasa wa habari tu, kuna shida ya upepo.

Kwanza iondoe kitandani. Godoro na foronya vinaziba matundu ya chini kama mkono juu ya pua. Weka mezani, inua nyuma kwa vifuniko viwili vya soda, tazama kama inapumua.

Kama haibadiliki, ndani kuna vumbi. Aliyewahi kukaa Dodoma wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa. Ukifungua utakuta kati ya feni na lile bati lenye mistari myembamba kumeshonana blanketi la vumbi, laini kama sufi ya mto. Unaweza kulitoa mwenyewe kama kifuniko cha chini kinafunguka kwa skrubu za kawaida: zima kabisa, chomoa chaja, fungua, chomoa betri kwenye ubao, shika feni kwa kidole isizunguke, kisha safisha kwa brashi laini au upepo wa kopo. Feni ikipulizwa ikazunguka ovyo kwa kasi inaweza kuharibika, ndiyo maana ya kile kidole. Usitumie mdomo, mate yanaingia.

Ukishafungua, tazama betri. Kama imevimba kama andazi, isiguswe kwa bisibisi wala kubonyezwa. Mambo ya wepesi wa mashine yanasubiri, peleka betri ibadilishwe.

Pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na lile bati la shaba hukauka baada ya miaka. Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa kwa anayejua. Kama hujawahi, mpe fundi, lakini simama uone akiiweka.

Hatua ya 4: Kama Speed iko sawa, soma majina

Speed imepanda vizuri na CPU bado imegota 90 au 100? Sasa ndiyo kuna mlaji. Yanayokuja mara kwa mara nitayataja kwa namna yanavyoandikwa kwenye kioo.

Windows Modules Installer Worker, na ndugu zake wenye neno Update, ni masasisho ya Windows yanaingizwa. Hapa nyumbani tatizo hili lina sura yake. Wiki tatu umetumia hotspoti ya simu, bando la kuhesabu, laptopu haikupata nafasi ya kushusha chochote. Siku unafika ofisini au hotelini penye Wi-Fi ya bure, inashusha ya wiki tatu kwa mkupuo, na wewe una mada ya kuwasilisha saa nne. Haijaharibika, ina njaa. Dawa ni kuiacha usiku mmoja imechomekwa, ipo kwenye intaneti, isilale, imalize, kisha Restart. Kuizima kwa nguvu katikati ndiko kunakozaa matatizo ya kweli.

Ukiwa hapo, ingia Settings, Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization. Kama kuruhusu kompyuta nyingine kumewashwa hadi zile za kwenye intaneti, laptopu yako inaweza kutumia bando lako kuwapelekea watu wengine masasisho. Zima.

Antimalware Service Executable ni kinga ya Windows yenyewe inakagua mafaili. Ikipanda nusu saa kisha ikashuka, iache. Ikikaa juu siku nzima, angalia kama una antivirusi nyingine ya nje ambayo haijakaa sawa, maana mbili zikigombania faili moja, kila moja inamchunguza mwenzake. Chagua moja. Kwa mtu wa kawaida, hii ya Windows inatosha. Antivirusi ya kulipia iliyokwisha muda wake miaka miwili iliyopita ni mzigo tu, ing'oe.

Microsoft Windows Search Indexer ni karani anayeandika orodha ya mafaili yako ili ukitafuta upate haraka. Umemwaga GB 100 za picha kutoka kwenye flashi jana? Ndiyo sababu. Mwache amalize.

Ukiona Service Host, bofya kishale kilicho pembeni pafunguke, kwa sababu hilo ni jina la basi, siyo la abiria. Ndani ndipo utaona huduma gani hasa inakula.

Na jina usilolijua? Bofya kulia, chagua Open file location. Faili za Windows zenyewe kama svchost.exe hukaa kwenye C:\Windows\System32. Ukimkuta svchost anaishi kwenye folda ya Downloads, Temp, au ndani ya AppData, huyo ni mgeni aliyevaa sare ya mlinzi. Tazama na herufi: wapo wanaoweka sifuri mahali pa o.

Hatua ya 5: Mlaji ni Chrome

Hii ni rahisi na watu hawaijui. Ukiwa ndani ya Chrome au Edge, bonyeza Shift na Esc. Inafunguka Task Manager ya kivinjari chenyewe, inakuonyesha ukurasa gani na kiendelezi gani (programu ndogo iliyopachikwa kwenye kivinjari) kinakula kiasi gani. Mara nyingi utakuta kurasa kumi na tano ziko kimya na moja, ya mpira wa bure au ya kushusha filamu, imebeba prosesa nzima. Mfunge huyo tu.

Viendelezi navyo, futa vyote usivyovitumia. Hasa kile ambacho hukumbuki ulikiweka lini.

Hatua ya 6: Mwizi anayejificha

Dalili yake ni ya kipekee. Feni inavuma, mashine ya moto, wewe hujafungua kitu. Unafungua Task Manager umwone mhusika, CPU inaonyesha 80 kwa sekunde moja halafu inaanguka hadi 5, na feni nayo inanyamaza. Unafunga Task Manager, baada ya dakika feni inaanza tena. Kama panya wa darini: ukiwasha taa, kimya.

Huyo ni mchimbaji wa sarafu za kidijitali, yaani programu inayotumia prosesa yako kumtengenezea mwizi pesa, na wengi wameandikwa wajifiche pindi Task Manager inapofunguliwa. Wanaopendwa na wezi ni wa sarafu ya Monero, kwa sababu hesabu zake zimetengenezwa zifae prosesa za kawaida, hazihitaji mitambo maalumu. Programu ya kuichimba iitwayo XMRig yenyewe ni halali na iko wazi kwa yeyote, ila wahalifu huifungasha ndani ya vitu vingine. Prosesa ni yako, umeme wa LUKU ni wako, sarafu zinakwenda kwake.

Aliingiaje? Niseme tu bila kuzunguka, kwa sababu kila siku nayaona: kwa programu za kukraki. Office ya bure, Photoshop ya bure, gemu la bure, na zile programu za kuiamsha Windows bila kulipa. Maelekezo yake huanza na "zima antivirusi kwanza". Mtu anayekwambia umfunge mbwa kabla hajaingia uani, mwulize anakuja kufanya nini. Nasi mafundi tuna dhambi yetu hapo, wengi ndio tunaoziweka.

Kumtafuta: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon, Enter. Hiyo ni Resource Monitor, na baadhi ya wachimbaji hawajaandikwa waiogope. Tazama safu ya Average CPU kwa dakika kadhaa huku Task Manager ikiwa imefungwa.

Kumtoa: fungua Windows Security, Virus & threat protection. Kabla ya kukagua, ingia Manage settings, ushuke hadi Exclusions, ufungue orodha. Hapa ndipo penye siri. Wale waamshaji huandika humo folda, na mara nyingine diski C yote, kwamba kinga isiiguse. Unaweza kukagua mara kumi ukaambiwa mashine safi, kwa kuwa kinga imekatazwa kuangalia chumba chenye mwizi. Futa kila kitu usichokiweka mwenyewe. Kisha rudi nyuma, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu laptopu itajizima na kukagua kabla Windows haijaamka, wakati mwizi bado kalala. Huchukua kama dakika 15.

Baadaye badilisha nywila zako, ukitumia simu au mashine nyingine. Aliyeweza kuingiza mchimbaji alikuwa na uwezo wa kuingiza kitu kingine.

Hatua ya 7: System interrupts

Jina hili likiwa juu kabisa, zaidi ya asilimia chache, na likabaki hapo, shida ni kifaa au draiva, siyo programu. Chomoa kila kitu cha USB kimoja kimoja huku ukitazama namba: modemu, mausi, flashi, kebo ya printa. Ikishuka baada ya kuchomoa kimoja, umemaliza kazi. Isiposhuka, sasisha draiva za Wi-Fi, sauti na kadi ya picha kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu. Zile programu zinazojitangaza kukusasishia draiva zote kwa mpigo usiziguse.

Hatua ya 8: Watoe wageni wote nje

Umepita hatua zote na bado? Ingia Task Manager, sehemu ya Startup apps, zima zote zinazoweza kusubiri: Spotify, Teams, wasaidizi wa printa. Halafu bonyeza Windows na R, andika msconfig, sehemu ya Services, weka alama kwenye Hide all Microsoft services. Alama hiyo usiisahau, bila yake utazima hata vitu vya Windows yenyewe. Kisha Disable all, Restart.

Mashine ikiwa nyepesi, mhusika ni mmoja wa uliowazima. Warudishe nusu kwa nusu, si mmoja mmoja: ukiwa nao 16, kwa kuwasha upya mara nne tu umempata.

Ikibaki nzito, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

ikimaliza:

sfc /scannow

Ya kwanza inatengeneza akiba ambayo Windows hujitibia nayo, ya pili inatumia akiba hiyo kurekebisha faili zilizoharibika. Ya kwanza inakula bando, jipange.

Wenye Mac: anayeshika nafasi ya Task Manager kwenu ni Activity Monitor. Mkikuta kernel_task imekula prosesa, msihangaike kuifunga. Moja ya kazi zake ni kuziba nafasi ili prosesa ipoe, kwa hiyo rudini kwenye habari ya joto na vumbi.

Hapo sasa, Windows

Kama umefika huku na Speed iko sawa, joto liko sawa, kinga haikukuta kitu na wageni wametoka, basi piga Windows, nami sitakuzuia. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, ukayafungue machache kuhakikisha yamenakilika. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kuficha mafaili), ufunguo wake wa akiba uandike kabla, kwa kawaida unakuwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Njia ya ndani ni Settings, System, Recovery, Reset this PC; kwenye Windows 10, Recovery iko chini ya Update & Security. Kwa mwenye mchimbaji asiyetoka, chagua Remove everything, na usirudishe programu zile zile kutoka kwenye flashi ile ile.

Aliye kwenye Windows 10 ajue masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama prosesa yako ni ya Intel kizazi cha nane au zaidi, huenda ikakubali Windows 11, basi fanya kazi hiyo mara moja.

Ukimaliza, laptopu itakuwa nzito tena kwa saa kadhaa, pengine siku nzima: inashusha masasisho, karani anaandika orodha upya, kinga inakagua kila faili uliyorudisha. Iache imechomekwa, kwa chaja yake halisi, na usimpigie fundi usiku huo.